Chokaa kwenye Chai ya Mama Chebet

Wiki iliyopita vijana wawili walinitembelea nyumbani, mmoja amevaa gambuti nyeupe ambazo bado zilikuwa na kibandiko cha bei. Wamemaliza chuo, na sasa wanataka kufunga tope la majitaka kwenye magunia wawauzie wakulima kama mbolea. "Mzee, hii kitu ni organic kabisa," yule wa gambuti akaniambia. "Tunakausha kidogo, tuna-pack, tunatoa. Watu wa chai wataigombania." Nikamuuliza tope linachukua siku ngapi kukauka hapa kwetu. Akatoa simu. Nikamwambia aweke simu mfukoni, simu haijawahi kulala huku milimani mwezi wa nne wa mvua. Akasema wiki mbili. Nilifumba macho nikahesabu mpaka kumi, kama daktari alivyonishauri kwa sababu ya presha yangu.

Ninaandika haya kwa ajili ya hao wawili na wenzao, maana kusema nimechoka. Tangu nikiwa kijana mpaka nikastaafu, nimefanya kazi kwenye mabwawa ya majitaka ya mji mmoja katika nchi hii ya chai. Mji siutaji, kwa sababu wengine ninaowasema hapa bado tunapeana mikono kanisani. Mimi ni mtu wa ziwani, jina langu Odhiambo, nilipanda huku milimani kutafuta kazi ya kiwandani nikaikosa, nikapata hii. Mke wangu aliwaambia watu wa kwetu kwamba niko idara ya maji. Hakusema uongo.

Sasa, tope ni nini. Kila mnachosukuma na maji kwenye choo cha mjini kinateremka na bomba mpaka kwetu. Maji yanapita bwawa hadi bwawa yakijisafisha, na kilicho kizito kinazama chini. Hicho kilichozama ndicho tope. Tulikuwa tukilitoa na kulimwaga juu ya vitanda, yaani viwanja vya mchanga vilivyozungushiwa ukuta mfupi, maji yachujike chini na jua limalizie juu. Ni mavi, ndiyo. Nalitaja neno mara moja ili tuendelee na kazi, kwa sababu nimeona watu wazima wenye digrii wakishinda kutwa kwenye warsha wakitafuta jina lingine.

Lakini kama yangekuwa mavi peke yake, ningeshukuru. Watu wa mjini wanatupa kila kitu. Nimetoa nepi, nguo za ndani, vijiko, betri za redio, matambara ya gereji yaliyojaa oili. Niliwahi kutoa meno ya bandia, seti nzima ya juu. Niliyaosha nikayaweka juu ya ukuta wa kitanda namba tatu, yakakaa hapo mwezi mzima nikitumaini mwenyewe atapita. Meno hayadhuru mtu. Betri na oili ndizo za kuogopwa, maana haziozi, na kinachoingia bombani leo unakikuta kwenye hindi mwakani. Kwa hiyo mkija kwangu na magunia yenu, sitauliza jina la biashara. Nitauliza nani anachambua takataka pale lango la kuingilia, na kama hamna jibu, nendeni mkauze kitu kingine.

Aliyenifundisha kazi alikuwa msimamizi wetu, Mzee Arap Koech, mtu mfupi mwenye sauti ya chini na hasira ya polepole. Wiki yangu ya kwanza niliona nyanya zimeota zenyewe kwenye kitanda kilichokauka, nyekundu, nono, kuliko za sokoni. Mimi sikuwa na mboga nyumbani. Nikachuma nikajaza kofia. Arap Koech akanikuta getini, akatazama kofia, akatazama uso wangu, akaniuliza, akilitamka jina langu kwa ulimi wa huku, "Otiambo, wewe unajua hiyo nyanya ilipandwa na nani?"

Nikasema zimejiotea.

"Haikujiotea. Mtu alikula nyanya mjini, mbegu ikapita, ikakuja hapa. Na hiyo mbegu haikukuja peke yake. Mwaga."

Nikamwaga. Alinikalisha chini akanieleza habari ya mayai ya minyoo mpaka hamu ya chakula ikaniisha siku mbili. Mbegu ya nyanya inaweza kupita tumboni mwa mtu, ikapita bwawani, ikakaa kwenye tope na bado ikaota. Yai la mnyoo ni sugu kuliko hiyo mbegu. Kwa hiyo kuona tope limekauka juu si sababu ya kulipeleka shambani.

Alinionyesha namna ya kulijua tope lililoiva. Nyufa ziwe pana mkono uingie mpaka kwenye kifundo. Uinue kipande kizima kwa uma wa kulimia bila kumeguka. Kisha ukivunje utazame ndani. Kama ndani ni rangi moja na nje, sawa. Kama ndani ni cheusi kinang'aa, kirudishe, hata kama bosi amesimama nyuma yako na lori linanguruma. Ukishamaliza hapo bado, unalirundika chini ya mabati na kuliacha miezi mingi. Mnapenda kuniambia haraka haraka haina baraka. Methali mnazijua sana, shida yenu ni kungoja. Na mjue hapa kwetu mvua inakuja saa nane mchana karibu kila siku, inaloesha kile jua la asubuhi lilichokausha. Arap Koech alisema hapa tope linakauka mvua ikipenda, na sisi tunatazama tu.

Halafu lililoiva unapeleka wapi? Mahindi, nepia, yaani nyasi za ng'ombe, miti. Sukuma, dania ya kachumbari, karoti, chochote kinacholiwa kibichi au kinachogusa udongo, hapana. Unavaa gambuti na glavu, unanawa kwa sabuni kabla ya kushika sigara au chapati. Nimesema haya kwenye mikutano mpaka koo likakauka, na baada ya kila mkutano mtu mmoja hunyoosha mkono na kuuliza, "Na kwa dania?"

Mkulima wa kwanza kukubali tope letu alikuwa Mama Chebet, mjane anayekaa kwenye mteremko upande wa Silibwet. Alikuwa na ng'ombe wawili, kipande cha mahindi, na chai iliyoshuka kutoka mlangoni mwake mpaka mtoni. Chai hiyo aliipanda na marehemu mume wake wakiwa wamefunga ndoa juzi, wakichota maji mtoni kwa debe kumwagia miche. Ndiyo iliyomsomeshea watoto. Wengine wote walipokuwa wakiziba pua na kucheka, yeye alikuja mwenyewe mpaka kwenye vitanda, akashika tope lililoiva, akalinusa, akasema, "Hii ni udongo tu. Nipatie."

Kwa sababu hiyo alichekwa. Kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi kila upande. Wanawake wenzake walimuuliza kama maziwa ya ng'ombe wake ni ya kunywa. Yeye akaweka tope kwenye nepia, na nepia ikampita kimo. Mwaka uliofuata akaweka kwenye mahindi, na kidogo kwenye mistari miwili ya chai kwa kujaribu, na ile mistari ikawa ya kijani kibichi kiasi kwamba jirani alisimama njiani kuitazama. Basi wale waliokuwa wakiziba pua wakaanza kuja na pikapu. Jina letu zuri lote pale mtaani lilijengwa na yule mama, wala si na mabango ya ofisini.

Arap Koech alistaafu, nikawa msimamizi mimi. Mwaka huo mvua haikupumzika. Vitanda vikajaa, tope halikauki, na bwawani linazidi kupanda. Meneja wetu, mtu mpya, msomi, asiyependa kuchafua viatu, akapata suluhisho: chokaa. Ikaletwa kwa lori kutoka huko chini upande wa Fort Ternan. Ukichanganya chokaa na tope, harufu inapungua, vijidudu vinakufa, na unaweza kulitoa mapema. Hilo ni kweli, sibishi, linafanyika duniani kote. Nilichanganya mwenyewe kwa koleo, macho yakiniwasha. Tulipomaliza tope likawa la kijivu, jepesi, halinuki. Nikajisifu kwamba sasa tumeendelea.

Msimu huo mbolea ya chai ilichelewa kuwafikia wakulima, na chai ya Mama Chebet ilikuwa na njaa. Akaja kuniuliza kama anaweza kuweka tope kwenye chai yote. Nikamwambia, weka. Nilimwambia kwa kinywa changu. Nikampelekea mizigo minne, nikaenda mwenyewe kumwonyesha namna ya kulimwaga katikati ya mistari.

Tukiwa pale, alichukua tope kidogo kwenye kiganja, akatemea mate, akasugua kwa kidole. Akasugua tena.

"Otiambo, hii yenu ya sasa iko na jivu?"

"Hapana, Mama. Ni chokaa. Ni dawa ya kuua wadudu."

"Inateleza kama jivu." Akanionyesha mahali fulani katikati ya shamba, duara la miche mifupi, majani ya njano, kati ya chai nzuri pande zote. "Unaona hapo? Hapo kulikuwa nyumba ya mama mkwe. Alikuwa anamwaga jivu ya jikoni hapo nyuma, miaka yote. Tumepanda chai hapo mara tatu. Inakataa. Chai hapendi jivu."

Mimi nilicheka. Kwetu ziwani majivu ni mbolea. Bibi yangu alikuwa akiyamwaga kwenye mboga, kwenye mtama, kwenye kila kitu kilichoota, na tulikula tukashiba. Nikamwambia Mama Chebet kwamba hayo ya jivu ni imani za wazee, na hii chokaa imepimwa na wataalamu. Akanitazama, akatazama tope, akasema, "Haya, wewe ndiye umesoma." Akachukua jembe akaanza kufukia.

Sikuwa nimesoma chochote. Nilikuwa nimeambiwa, basi. Kama ningeuliza mkulima yeyote wa chai, hata yule anayelewa kuanzia asubuhi, angeniambia kwamba chai inataka udongo mchachu, na jivu na chokaa vinaua ule uchachu. Ndiyo maana mahali palipokuwa na nyumba ya zamani chai inakuwa ya njano miaka na miaka. Kila mtoto wa huku anayajua haya kabla ya kujua kusoma. Mimi nilikuwa nimekaa nao zaidi ya miaka ishirini, nikinywa chai yao mara tatu kwa siku, na sikuwahi kuuliza inapenda nini.

Majani yalianza kugeuka baada ya mvua mbili tatu. Kwanza njano katikati ya mishipa, halafu machipukizi yakawa madogo, magumu, hayachumiki. Kufikia mwisho wa mwaka, nusu ya shamba ilikuwa na rangi ya lile duara la mama mkwe. Sehemu nyingine miche ilikauka kabisa. Kila nilipopita barabara ya juu niligeuza uso.

Wakulima walikuja ofisini na matawi ya njano ya shamba lile mikononi, Mama Chebet mbele yao. Kabla ya mkutano meneja aliniita pembeni. "Odhiambo, hii story ikifika kaunti, hii programu imekufa. Na wewe umebakisha muda mdogo u-retire. Fikiria hiyo pensheni yako." Hakuniambia niseme nini. Hakuhitaji. Tulipokaa, akaniuliza mbele ya wote, "Bwana Odhiambo, ulimwagiza huyu mama aweke kwenye chai?"

Mama Chebet alikuwa ameketi benchi la mbele, mikono juu ya magoti. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, kwa sababu alijua jibu, na mimi nilikuwa rafiki yake.

Nikasema, "Hapana. Nilimwambia nepia na mahindi tu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mnasema. Mimi ndiye niliyekataa kusikia, na guu lililovunjika lilikuwa la mwingine. Mama Chebet alinitazama kidogo. Alisema "Haya," akafunga leso yake vizuri, akatoka, na wale waliokuja naye wakabaki wakitikisa vichwa kwa ajili yake, si kwa ajili yangu. Meneja akanishika bega. Chokaa iliendelea kutumika, ila tulibandika karatasi getini iliyoandikwa si ya chai, kana kwamba tumelijua jambo hilo siku zote.

Mkitaka kujua uongo unafanya nini, nendeni kituo cha kununulia chai jioni, pale wakulima wanapokaa na majani yao wakingoja lori. Huko hakuna kazi ila kuchambua majani na kuchambua watu. Mama Chebet akawa yule mama aliyeua chai yake kwa tamaa. Alitaka kuwapita wenzake, walisema, akaambiwa asiweke, akaweka. Mwanamume mmoja alinisimulia hadithi hiyo dukani nikinunua kiberiti, akitegemea nitacheka, kwa kuwa mimi ndiye niliyeonekana nimeonya. Nilitabasamu. Hilo tabasamu linanichoma mpaka leo kuliko ule uongo wenyewe.

Misimu miwili ya mvua ilipita hivyo. Nilimpelekea maneno kwa watu wengine, nilimpelekea tope zuri la zamani lisilo na chokaa, alilirudisha na lori lile lile. Afisa wa kilimo alimshauri ang'oe sehemu iliyokufa na angoje udongo urudi, na kungoja huko kunahesabiwa kwa miaka. Nilistaafu, nikapewa saa ya ukutani na keki, meneja akasema mimi ni mfano kwa vijana. Nilisikiliza hotuba ile nikitaka sakafu ipasuke.

Jumatatu iliyofuata nilienda kituo cha chai. Ninyi mtasema nilikuwa jasiri. Acheni. Pensheni ilikuwa imeshapita, meneja hakuwa bosi wangu tena, na ukweli haukunigharimu hata nauli, kwa sababu nilienda kwa miguu. Ningekuwa jasiri kama ningesema siku ile ofisini, na sikusema. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na kwenye nyasi, vikapu mbele yao, wanatoa majani magumu kabla karani hajayakataa. Mama Chebet alikuwa mwisho, peke yake. Nilisimama katikati nikiwa na kofia mkononi, nikasema kwa sauti kila mtu asikie kwamba tope lile nilipeleka mimi, kwamba nilimwambia aweke kwenye chai, kwamba yeye aliniambia lina jivu na chai haipendi jivu, nikamcheka, na kwamba ofisini nilidanganya.

Karani aliacha kuandika. Mzee mmoja akasema, akiniita kwa jina la binti yangu, "Sasa, Baba Akinyi, kwa nini unatuambia saa hii?"

Wanawake wawili waliokuwa wakimsema sana Mama Chebet walishughulika na vikapu vyao kana kwamba wamepoteza kitu ndani. Yeye mwenyewe hakuinua kichwa. Alitoa jani moja gumu, akalitupa, akatoa lingine. Nilibaki nimesimama pale kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, mpaka tukasikia lori likibadilisha gia kwenye mlima.

"Otiambo," akasema. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

"Basi shika upande ule. Lori imefika."

Nikashika upande ule wa kikapu, naye akashika wake, tukainua. Kilikuwa chepesi. Mtu mmoja angekibeba kwa mkono mmoja huku akiongea na simu. Tulikibeba hivyo hivyo, wawili, polepole, mpaka kwenye mizani, na watu wote walitazama.